Kilo Hamsini na Nne

Jumapili, 27 Juni 1976

Leo naanza daftari la pili. La kwanza limejaa a, e, i, o, u na majina ya watu nisiowapenda. Mwalimu Hyasinta wa kisomo anasema, babu, ukitaka mkono usisahau andika kila siku, hata mstari mmoja. Basi naandika. Darasa zima la wazee mimi ndiye niliyepasi wa kwanza. Wengine wanashika kalamu kama mpini wa jembe.

Mimi Shaibu Bakili. Nyapara wa hamali kule shimoni, ghorofa ya chini ya ardhi ya soko jipya la Kariakoo. Mwaka arobaini na tisa nilimwangusha baharia wa Kigiriki bandarini, raundi ya pili, watu wamepanda juu ya marobota ya katani ili waone. Walioona wanakufa mmoja mmoja. Bora iandikwe.

Sasa la leo. Awadhi amechaguliwa! Mtoto wa dada yangu Siwema. Ngumi, timu ya taifa, Olimpiki, Montreali huko Kanada. Uzito wa bantamu, kilo 54, ikizidi hata robo hupandi ulingoni. Viongozi watampima Alhamisi tarehe nane. Nimempeleka kwa Harshad muuza misumari, ana mizani ya kusimama. Kilo 59 na nusu. Nimemwambia, kuanzia leo tumbo lako ni langu.

Jumatatu, 28 Juni

Siwema amekuja na bakuli la wali na samaki. Eti, Kaka, mtoto anabeba mbolea melini kutwa nzima, atakufa. Bakuli nimelimwaga mbele yake, kuku wa jirani wakafurahi. Amelia. Alilia hivyo hivyo nilipomchagulia mume.

Wengine hapa mjini hawaelewi. Kwetu Wayao mtoto ni wa mjomba. Baba ni jogoo, anawika na kwenda zake. Baba yake Awadhi yupo Lindi anawika huko mpaka leo. Mimi ndiye niliyemfunga huyu mtoto vitambaa mikononi akiwa na miaka tisa. Kipaji chake ni changu, kimepitia kwa dada tu.

Jumatano, 30 Juni

Kilo 58. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana yai moja. Jioni nusu chungwa, anyonye, makapi ateme.

Mtani wangu Ignasi, Mngoni, muuza tumbaku, meza yake iko karibu na ngazi za shimoni. Kaniita mbele ya wateja — wewe Myao, mtoto wa watu umemkausha kama tumbaku yangu, nikimkunja namvuta! Watu wakacheka. Nikamwambia mla panya huwezi kujua nyama ya bondia. Wakacheka zaidi. Hiyo ndiyo raha ya mtani, anakutukana na huruhusiwi kukasirika.

Kisha akaniambia habari za redioni. Nyuzilandi wamepeleka timu kucheza raga na Makaburu. Wakati watoto wa shule kule Soweto wamepigwa risasi juzi tu hapa! Nikauliza raga ni nini. Eti mpira wa kukimbia nao mkononi, na mpira wenyewe si wa mviringo, una umbo la yai. Nikamwambia sasa hayo yanamhusu nini Awadhi. Akasema, ngoja.

Ijumaa, 2 Julai

Nimemkamata! Mtaa wa Gerezani, kwa mama muuza mihogo ya kuchoma. Amejificha nyuma ya mti, mashavu yamejaa kama mtoto. Mtu wa miaka ishirini na saba.

Nimempiga kofi. Nikamtia kidole kooni mpaka muhogo ukatoka wote. Yule mama akapiga kelele, mzee una roho gani? Nikamwambia, roho ya Olimpiki.

Awadhi hakuinua mkono. Ngumi yake ingenivunja taya, anajua, najua. Hakuinua. Kasema, samahani Mjomba. Nimemlea vizuri sana.

Jumapili, 4 Julai

Kilo 56. Nimemvalisha koti la mvua na gunia juu yake, akakimbia kuzunguka Mnazi Mmoja saa saba mchana. Mimi nimekaa kivulini na kahawa, nahesabu. Mizunguko kumi na nane. Wahindi wa Upanga waliokuwa wanapita wakasimamisha gari kuangalia. Bibi mmoja akataka kumpa maji. Nilimfukuza.

Awadhi anasema usiku anaota mikate. Haoti ngumi, anaota mikate. Nikamwambia mwenzako wa Kanada anaota meno yako.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Nimemtembeza. Mitaa yote, Msimbazi, Swahili, Mkunguni, mpaka mbele ya soko. Kavaa suti ya michezo ya kijani waliyompa, TANZANIA mgongoni. Herufi zote nimezisoma mwenyewe, kwa sauti, bila kusaidiwa. Watu wakapiga makofi. Harshad katoka dukani na mkewe, wakamshika mkono. Harshad kasema, Mzee Shaibu, mizani yangu imesaidia taifa. Nikamwambia mizani ilisoma tu. Aliyesaidia taifa ni mimi.

Niliwaambia wote — atarudi na medali, na medali itatundikwa shimoni, kwenye nguzo ninayoegemea mimi. Nimewaambia hamali, madalali, wauza kuku, mpaka polisi wa zamu. Hakuna mtu Kariakoo asiyejua.

Alhamisi, 8 Julai

HAMSINI NA NNE. Sindano imesimama katikati kama imepigiliwa msumari! Kiongozi kanipa mkono. Kauliza mzee wewe ndiye kocha? Nikasema mimi ndiye mjomba. Hakuelewa kwamba hicho ni cheo kikubwa zaidi. Mtu wa Bara.

Awadhi kapimwa koti la safari. Fundi kasema kiuno hiki nimekiona kwa wasichana tu.

Jioni nimemruhusu kikombe cha uji. Alikilamba mpaka nikamnyang'anya.

Ijumaa, 9 Julai

Redio imesema hatuendi.

Kalamu imetoboa karatasi, hasira hiyo, si uzee. Nitaandika polepole.

Tulikuwa kibarazani kwa muuza kahawa. Taarifa ya habari. Nyuzilandi wamecheza na Makaburu, Nyuzilandi hawajafukuzwa kwenye michezo, kwa hiyo Tanzania haiendi. Basi. Maneno machache kuliko tangazo la sabuni.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ananitazama. Na Makaburu siwapendi, hilo lisemwe, nilichangia damu na blanketi kwa wapigania uhuru na stakabadhi ninayo. Lakini nilipiga makofi na moyo wangu ukawa unasema, nyamazeni, mbwa nyie.

Awadhi alikuwa uani anaruka kamba. Akaja na kamba shingoni. Akauliza, na mimi je?

Balozi akamshika bega. Ndugu Awadhi, wewe ndiye silaha yetu. Kutokwenda kwako ndiyo ngumi yenyewe.

Awadhi akasema, ngumi ya kumpiga nani? Mimi nimejipiga njaa wiki mbili. Baada ya miaka minne nitakuwa na thelathini na moja, nani atanichukua? Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Muuza kahawa akampa kashata. Akaishika tu.

Jumamosi, 10 Julai

Siku mbaya. Wacha niiandike yote.

Asubuhi Siwema kapika. Pilau, nyama, kachumbari, kafunika kwa kawa, kaleta mwenyewe. Safari hii sikumwaga. Awadhi kakaa mbele ya sinia. Anaangalia. Siwema anasema kula mwanangu, yamekwisha.

Hapo ndipo lilipokuja jeneza.

Ignasi! Na Wangoni wenzake wawili. Wamebeba ubao mabegani, juu yake mgomba umefungwa shuka nyeupe kama maiti, na mapapai mawili machanga yamefungwa mwishoni, eti glavu. Ignasi kajitanda kanga ya mkewe, analia kama mjane — uwii, Bantamu wangu, umeniachaje Bantamu, hata ndege hujapanda! Nyuma yao nusu ya soko. Wakaliweka jeneza mlangoni kwangu. Ignasi akaniuliza, Myao, tuzike Kisutu au Montreali? Na medali tuitundike kwenye nguzo gani?

Walicheka mpaka wakashikana. Hata hamali wangu. Harshad alikuwa amefunika mdomo lakini mabega yalikuwa yanacheza.

Mtani akikuletea msiba wa mzaha unamtupia kitu kidogo, unacheka, yamekwisha. Ndiyo dawa yake, uchungu unatoka kwa kicheko. Najua. Nimewafanyia Wangoni hivyo mara ngapi! Ignasi alipofiwa na baba yake mimi nililala kaburini nikakataa kutoka mpaka nipewe jogoo.

Lakini mimi ndiye Shaibu Bakili. Nikasimama. Nikasema, bebeni mgomba wenu. Safari ipo.

Nikasema, mkubwa mmoja wa michezo kaniita pembeni jana usiku. Redio ni ya kuwatisha wazungu. Ndege ipo, Jumatatu tarehe kumi na tisa, kimyakimya. Ngumi zinaanza mwishoni. Mtaona.

Sijui yalitoka wapi. Yalitoka yamepangwa tayari, na tarehe yake. Ignasi akavua kanga kichwani. Akasema kama ni hivyo, heri, mtani. Wakabeba mgomba.

Nilipogeuka Awadhi alikuwa amesimama. Amelisukuma sinia. Uso wake umefunguka kama dirisha. Kweli, Mjomba?

Nikasema, mimi nimewahi kukudanganya?

Siwema akalichukua pilau lake akaenda nalo.

Jumapili, 11 Julai

Anaruka kamba tangu alfajiri. Anapiga mluzi.

Nilidhani nitamwambia leo. Lakini anapiga mluzi.

Jumatatu, 12 Julai

Kilo 55 na nusu. Uji ule na maji ya juzi. Nikamkaripia. Kasema, usijali Mjomba, siku saba zinatosha.

Nimeenda mjini, ofisi ya michezo karibu na Posta. Nilitaka wanipe hata neno moja, nusu neno, kwamba huenda. Kijana wa mezani hakuniambia hata shikamoo. Kasema mzee, huna redio? Nikasema nina mbili. Kasema basi zote zinasema kweli. Makoti ya safari yamerudishwa stoo.

Nimerudi kwa miguu. Ignasi aliniuliza mtani vipi? Nikasema mambo safi, wananisubiri mimi tu.

Jumanne, 13 Julai

Kilo 55. Bandarini wamemwambia apumzike, mikono haishiki mfuko. Afadhali. Mbolea ilikuwa inampa misuli, na misuli ina uzito.

Siwema hajaja.

Jumatano, 14 Julai

Sokoni kuna maneno. Mchuuzi wa vitunguu kasema nyuma yangu, mzee anafuga mifupa. Dalali mmoja kasema hakuna ndege, yule mzee kachanganyikiwa. Nikageuka nikasema kwa sauti ya kumwangusha Mgiriki — kesho saa nne, mizani ya Harshad, njooni wote! Mpwa wangu atapimwa mbele ya Kariakoo nzima. Mkiona 54 mfunge midomo.

Midomo yao ndiyo iliyoniudhi.

Jioni bado 55. Kilo moja nzima! Nimenunua chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, kwa muuza dawa za kienyeji. Kijiko kimoja kwa mtu mzima, kasema. Nimempa vitatu. Akaniuliza hii ni nini. Nikasema dawa ya timu ya taifa. Akanywa akasema asante.

Alhamisi, 15 Julai

Alikesha chooni. Asubuhi nikamvalisha koti na gunia tena, mizunguko sita tu. Ule wa sita alimalizia kwa kutembea, mkono mmoja umeshika suruali.

Saa nne. Watu mpaka barabarani. Harshad hakutaka. Kasema Mzee Shaibu, mimi sipendi hii kitu, iko dhambi hii. Nikamwambia we pima misumari yako, dhambi niachie mimi. Akasogea pembeni. Mzee Manubhai baba yake akaingia ndani akafunga mlango.

Awadhi kapanda na chupi tu. Mbavu zinahesabika, nimezihesabu. Midomo imepasuka, haina hata mate. Nikasogeza jiwe la mizani mwenyewe. Mkono wa mizani ukapanda, ukashuka, ukatulia.

Hamsini na tatu na nusu!!

Nilipiga kelele. Nusu kilo chini! Someni! Nani anafuga mifupa? Nikageuka nikawaangalia mmoja mmoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alisema, Yarabi.

Nikamtafuta Ignasi. Nilimtaka yeye hasa. Nikasema haya, mla panya, lete jeneza lako sasa! Akaja mpaka karibu. Akaongea chini, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu tujuane, miaka ishirini na mbili. Akasema, Shaibu. Mpe mtoto uji.

Hakusema Myao. Hakusema mtani. Shaibu.

Nikamwambia, huna jipya ndiyo maana. Nikamtemea karibu na miguu. Ignasi alimvalisha Awadhi shati, akamfunga vifungo.

Ijumaa, 16 Julai

Redio inasema na nchi nyingine za Afrika huenda zikaondoka, nyingi. Nimeizima.

Awadhi kalala. Misuli ya miguu inajikunja kama kamba mbichi, anauma kanga ya mamake asipige kelele. Tangu jana hajakojoa. Nimempa maji kifuniko kimoja cha chupa. Akakataa! Yeye mwenyewe! Mjomba, tuna nusu kilo tu ya akiba, tusiichezee.

Ni bondia kweli. Mimi wakati wangu nisingeweza. Naandika hapa tu, kwingine sitasema.

Kesho nitamwambia.

Jumamosi, 17 Julai

Sikumwambia. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, ningemwambia nani.

Siwema kaingia bila hodi. Kanisukuma. Mimi! Hajawahi kunigusa tangu azaliwe. Kambeba mwanawe mgongoni mpaka barabarani kama alivyombeba mdogo, na mtu mzima yule hakumlemea. Harshad akatoa gari. Ignasi kakaa nyuma, kamlaza Awadhi mapajani. Mimi hakuna aliyenifungulia mlango. Nimekuja kwa miguu, hospitali iko Upanga, si mbali.

Jumapili, 18 Julai. Hospitali, kwenye benchi

Daftari nimekuja nalo. Watu wanaosubiri hapa wananiona naandika, wanadhani mimi ni karani.

Daktari ni dada wa Kihindi, Nayna jina lake, kijana. Kaniamkia vizuri, nikaitikia. Kauliza mgonjwa amekunywa dawa gani. Nikasema haluli, kidogo. Kidogo kiasi gani mzee? Nikasema kijiko. Kaniangalia. Vitatu, nikasema. Kaandika. Anaandika haraka sana.

Kasema figo zimekauka. Dawa ni maji, maji tu, ya sindano mshipani, chupa nyingi, leo hii. Akipata leo anaweza kupona, kesho haahidi kitu. Nikasema basi mpeni, maji si bure?

Kasema Awadhi hataki. Wamemchoma sindano mara tatu, mara tatu kaing'oa. Anasema maji yatamwongezea kilo na ndege ni kesho. Wamemfunga mkono kwa bendeji, kaing'oa kwa meno. Anasema asiyemruhusu ni mjomba wake. Daktari kasema, mzee, ingia umwambie kwamba hakuna ndege.

Nikauliza, ninyi mmeshamwambia? Nesi kasema tumemwambia wote. Mama yake kamwambia. Redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili imesema kabisa, michezo imefunguliwa jana, Waafrika wengi wanafunga mizigo wanarudi. Eti Awadhi kacheka. Kawaambia hiyo ni ya kuwatisha wazungu, muulizeni Mjomba.

Nimeingia. Naandika yalivyokuwa. Siwema yuko kichwani, hakuinua macho. Ignasi yuko miguuni. Awadhi amevimba kope na amekonda kwingine kote. Kanitafuta, kaniona. Kasema, Mjomba, wanataka kuniharibia uzito.

Ni neno moja tu. Nilidanganya. Nalijua hata kuliandika, hilo hapo. Nilifungua mdomo. Ignasi alikuwa ananitazama, na mgonjwa wa kitanda cha pili, na nesi, na mgeni mmoja wa mgonjwa huyo, ninayemjua, mpasua kuni wa Kariakoo, nilimtambia Saba Saba. Nikasema nasikia daktari ananiita. Nikatoka.

Nimekaa hapa sasa tangu saa nne. Wanapita na machela.

Ignasi katoka, kakaa mwisho wa benchi. Ana tumbaku mkononi, haivuti. Angenitania tu. Angesema Myao, umekaa kama kuku anayetaga — ningeinuka.

Nesi kafungua mlango. Mzee, sasa hivi tafadhali. Kaing'oa tena.

Nimemwambia namalizia kuandika.

Kauacha mlango wazi makusudi. Sauti ya Awadhi inakuja, nyembamba, kama ya mtoto anayeita kutoka uani. Mjomba! Kesho ndege saa ngapi?

Siwema katoka mpaka mlangoni. Kasimama. Ignasi kageuka. Wote wananitazama.

Nikajibu hapa hapa nilipokaa, kwa nguvu ili asikie.

Saa tatu asubuhi.